Anayesema Redioni na Anayelipa

Wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu wa hapa Minnesota mliotoka Brooklyn Park, Saint Paul na hata Rochester kwenye baridi hii, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwetu wengi hulikwepa mezani: ndoa ya watu wa jinsia moja, jinsi wachambuzi wa kihafidhina wa redio na televisheni za Marekani walivyolisemea, na jinsi maneno yao yalivyokivuta chama cha Republican huku na huku. Waandaaji waliongeza swali moja ambalo limenikaa kichwani tangu niliposoma barua yao. Je, ni haki kuwadhihaki wachambuzi hao? Nasema ndiyo, ni haki kabisa, na nitaeleza sababu. Ila ninaweka sharti, na hilo sharti ndilo hasa lililonileta hapa.

Niliendesha lori miaka mingi kabla ya kupata kazi ya kukaa mezani. Dereva wa lori katika nchi hii analelewa na redio. Kila siku ya kazi, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana kwa saa za hapa, hewani alikuwa Rush Limbaugh. Ukitoka Fargo ukashika njia ya kusini mpaka Des Moines, kituo kimoja kikififia kingine kinadaka, na sauti ni ileile. Alianza kusikika nchi nzima mwaka 1988 na akaendelea mpaka alipofariki Februari 2021. Nilimsikiliza kwa makini, kwa sababu alijua kazi yake. Alikuwa anaongea na mtu mmoja aliye peke yake kwenye gari, na mtu huyo alijisikia anaheshimiwa.

Lakini tusijidanganye kwamba huyu alikuwa mtangazaji wa burudani tu. Mwaka 2009 Michael Steele, mwenyekiti wa kamati ya taifa ya chama cha Republican, alikikosoa kipindi cha Limbaugh kwenye televisheni. Siku chache hazikupita, mwenyekiti akaomba radhi. Nawaomba mlitafakari hilo. Mwenyekiti wa chama anamwomba radhi mtangazaji wa redio. Sasa mwelekeo wa chama unaamuliwa wapi, ofisini kwa mwenyekiti au studioni?

Turudi nyuma kidogo. Novemba 2003 mahakama kuu ya Massachusetts iliamua kwamba watu wa jinsia moja wana haki ya kuoana, na ndoa za kwanza zikafungwa Mei 2004. Mwaka huohuo, siku ya uchaguzi wa rais, majimbo 11 yalipiga kura ya kuweka marufuku kwenye katiba zao. Marufuku yalipita kote, majimbo yote 11. Wachambuzi wakaona wamepata hoja isiyochakaa: ukisema ndoa iko hatarini, watu watatoka nyumbani kwenda kupiga kura. Tangu hapo ikawa mashindano ya nani atatabiri maafa makubwa zaidi. Familia zitavunjika, watoto watapotea, taifa litaanguka. Bill O'Reilly wa Fox, ambaye kipindi chake kilikuwa na watazamaji wengi kuliko vyote katika habari za kebo, alisema hewani Mei 2009 kwamba ukiruhusu hili, basi kila atakaye kuoa kobe ataoa kobe.

Kobe, ndugu zangu. Huyo ni mtu mzima, msomi, analipwa mamilioni ya dola, anazungumza juu ya wananchi wenzake wanaolipa kodi na kulea watoto. Watu walimcheka, na walikuwa na haki ya kumcheka. Hoja inayowalinganisha binadamu na mnyama haistahili kujibiwa kwa hoja nyingine. Ukiijibu kwa heshima unaipa heshima isiyo nayo. Wachekeshaji wa televisheni waliirudia kauli hiyo kama ilivyo, neno kwa neno, na hawakuhitaji kuongeza kitu. Dhihaka ninayoitetea ni ya namna hiyo: kumwekea msemaji maneno yake mwenyewe mbele ya macho yake.

Na Limbaugh je? Juni 2010 alifunga ndoa yake ya nne, kule Palm Beach, Florida. Mwimbaji aliyealikwa kutumbuiza wageni alikuwa Elton John, ambaye wakati huo alikuwa na mwenzi wake wa kiume kwa mujibu wa sheria ya Uingereza tangu Desemba 2005. Simsemi Limbaugh kwa kuoa mara nne. Maisha ya ndoa ni magumu na sote humu ndani tunalijua hilo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetumia kipaza sauti kuilinda ndoa dhidi ya watu fulani alimwita mmoja wa watu haohao aje aitie baraka sherehe yake kwa wimbo. Sherehe ikaisha, akarudi studioni, na mpiga kura wa shambani Iowa akaendelea kuambiwa kwamba watu hao ni hatari kwa familia yake. Jambo hili liliniuma wakati ule na linaniuma mpaka leo, kwa sababu mpiga kura yule alimwamini.

Sasa nije kwetu Minnesota, maana hapa ndipo nilipoona kwa macho yangu gharama inavyogawanywa.

Uchaguzi wa Novemba 2010 uliwapa Republican mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo. Mei 2011 wakapeleka mswada wa kuwauliza wananchi kama marufuku ya ndoa ya jinsia moja iingizwe kwenye katiba. Siku moja kabla ya kura ya Baraza la Wawakilishi, aliyealikwa kufungua kikao kwa sala alikuwa mhubiri wa hapahapa mwenye kipindi cha redio, Bradlee Dean. Katika sala hiyo alidokeza kwamba Rais Obama si Mkristo. Spika mwenyewe, Kurt Zellers, mtu wa Republican, ilibidi asimame na kuyakana maneno hayo, na kikao kikaanzishwa upya.

Dean huyu alikuwa na kesi nyingine inayohusu mada yetu moja kwa moja. Rachel Maddow wa MSNBC alikuwa amecheza hewani sauti ya Dean akizungumzia Waislamu wanaotaka mashoga wauawe na kudai kwamba watu hao wana maadili kuliko Wakristo wa Marekani. Dean akasema amenukuliwa vibaya, kwamba alishatamka kuwa yeye hataki mtu auawe. Julai 2011 akafungua kesi akidai fidia ya zaidi ya dola milioni 50. Hakushinda. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mtu aliyezoea kuwatolea wengine maneno makali kila wiki alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwake kwenye televisheni, akakimbilia mahakamani.

Lakini usiku wa tarehe 21 Mei 2011 kulikuwa na mtu mwingine ukumbini, na nawaomba mlishike jina lake: John Kriesel. Mwakilishi wa Republican, muhula wake wa kwanza, askari wa National Guard, jeshi la akiba, aliyepoteza miguu yote miwili kwa bomu karibu na Fallujah, Iraki, Desemba 2006. Alisimama kwa miguu ya bandia akiwa ameshika picha ya Koplo Andrew Wilfahrt. Wilfahrt alikuwa kijana wa Minnesota, shoga, aliyeuawa Afghanistan Februari mwaka huohuo. Kriesel akawaambia wenzake kwamba hawezi kuitazama picha ile na kumwambia koplo: ulifaa kuipigania nchi yako na kuifia, ila hukufaa kufunga ndoa na umpendaye.

Nimeitazama video ya hotuba ile. Kriesel haongei kwa ufasaha wa redio. Anakwama, anavuta pumzi, anarudia. Anasema kwamba miaka ya nyuma yeye mwenyewe angepiga kura ya ndiyo, lakini vita vilimfundisha kwamba maisha ni mafupi. Mswada ulipita kwa kura 70 dhidi ya 62. Republican waliopiga kura ya kuupinga walikuwa wanne tu, naye akiwemo.

Pimeni wenyewe. Upande mmoja yuko mtu mwenye kipaza sauti, hajagombea hata udiwani, hana mpiga kura wa kumwondoa. Upande mwingine yuko mtu aliyeiachia nchi hii miguu yake, anasimama mbele ya chama chake mwenyewe na kusema hapana. Yupi kati yao alikuwa anakiongoza chama, na yupi alikuwa anakiburuta?

Novemba 2012 wananchi wa Minnesota wakapiga kura. Kabla yetu majimbo takriban 30 yalikuwa yameshaweka marufuku ya namna hiyo kwenye katiba. Arizona ndiyo pekee iliyowahi kukataa, mwaka 2006, na miaka miwili baadaye nayo ikakubali. Minnesota ilikataa, kwa kura za hapana zilizozidi kidogo asilimia 51. Usiku uleule Republican wakapoteza mabaraza yote mawili.

Hapa sasa ndipo linapoingia sharti langu, na naomba ndugu zangu wenye mwelekeo wa kiliberali wanisikilize hasa, kwa sababu nitawasema na ninyi.

Marufuku ile haikushindwa kwa kejeli za televisheni. Waliokuwa wakiipinga marufuku waligundua kwamba kumcheka mtu hakumbadilishi. Wakafundisha watu wa kujitolea kupiga simu na kuzungumza na mpiga kura mmoja mmoja, bila kubishana, bila kumwita mjinga. Swali la kwanza lilikuwa: wewe kwako ndoa ina maana gani? Na mzee wa miaka sabini anasimulia alivyomuuguza mkewe. Halafu anaulizwa kama anamjua mtu yeyote shoga. Kimya kidogo. Halafu anasema: mpwa wangu. Kijana wa jirani. Mwalimu aliyemfundisha binti yangu piano. Mazungumzo hayo yalifanywa kwa maelfu mengi, jioni baada ya jioni, na watu waliotoka kazini wamechoka.

Basi ninaposema dhihaka ni haki, nasema ielekezwe juu. Imlenge mwenye kipaza sauti, mwenye mkataba wa mamilioni, anayetabiri maafa na kuchuma kwa hofu. Isimlenge mama wa kanisani aliyepiga kura ya ndiyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa tangu utoto. Mama huyo hana studio. Huyo ni wa kuketi naye. Niliwasikia watu wengi miaka ile wakiwacheka waumini wote kwa pamoja, wakiwaita washamba na watu wa zama za giza, na nilikuwa naona jinsi wenzangu kazini walivyojifunga kama mlango. Limbaugh alikuwa anaishi kwa dhihaka hiyo. Kila muumini aliyedhihakiwa alikuwa msikilizaji mpya kwake. Alikuwa anawaambia: mnaona wanavyowadharau? Na hapo hakuwa anadanganya.

Mwezi Machi 2013, miezi minne tu baada ya uchaguzi, ndipo mambo yalipogeuka kwa kasi. Tarehe 15 Seneta Rob Portman wa Ohio, mtu wa Republican aliyeipigia kura mwaka 1996 sheria ya kuzuia serikali ya taifa kuzitambua ndoa hizi, alitangaza kwamba amebadilika, kwa sababu mwanawe alimweleza kuwa yeye ni shoga. Tarehe 18 kamati ya taifa ya chama ikatoa ripoti ya kujitathmini baada ya kushindwa uchaguzi wa rais wa 2012, ya kurasa kama 100, ikisema kwamba chama kisipowakaribisha mashoga, vijana hawatakisikiliza. Tarehe 26, siku Mahakama ya Juu ilipoanza kusikiliza kesi za ndoa, Bill O'Reilly akasema hewani kwamba hoja yenye nguvu iko upande wa mashoga, na kwamba upande wa pili haukuweza kufanya lolote zaidi ya kupigapiga Biblia.

Yuleyule wa kobe. Hakueleza lililomtoa kule na kumleta huku. Hakuwaomba radhi watu aliowasema, wala hakuwaomba radhi waumini waliomfuata. Aliwageukia waumini hao na kuwaambia hawana hoja, ilhali hoja walizokuwa nazo ni zile walizomezeshwa na yeye na wenzake. Limbaugh alikasirika, akamshambulia, wakavutana kwa siku kadhaa. Lakini Limbaugh naye, siku hizohizo, alikuwa amekiri kwa wasikilizaji wake kwamba suala hili limeshapotea. Miaka yote aliyowaambia wapigane, na wao wakatoa pesa na muda, ikaishia kwenye sentensi moja kabla ya tangazo la biashara.

Chama chenyewe kilibaki kikiyumba. Machi kinasema tuwakaribishe. Aprili, kamati ileile inakutana Los Angeles na kupitisha azimio kwamba ndoa ni ya mume na mke. Nyumba imegawanyika, na mgombea wa kule chini hajui ashike lipi.

Huku kwetu, Mei 2013 bunge jipya likaleta mswada wa kuruhusu. Mwakilishi mmoja wa Republican, David FitzSimmons wa Albertville, akapendekeza rekebisho dogo lenye uzito mkubwa: sheria itaje kwamba inayozungumziwa ni ndoa ya kiserikali, ile tunayoiita kwetu ndoa ya bomani, ili kanisa na msikiti viachwe na taratibu zao. Rekebisho likapokelewa na pande zote mbili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kabisa iliyofanywa na mhafidhina yeyote katika suala hili. Alilinda dini ya watu bila kumnyang'anya mwingine haki yake. Mswada ukapita kwa kura 75 dhidi ya 59, Republican wanne wakiunga mkono, naye mmoja wao. Seneti ikapitisha kwa 37 dhidi ya 30, na tarehe 14 Mei Gavana Mark Dayton akatia saini nje, kwenye ngazi za bunge, mbele ya umati mkubwa.

Mwaka uliofuata FitzSimmons alipokwenda kwa wajumbe wa chama wa eneo lake kuomba kibali cha kugombea tena, alikuta kura ile inamsubiri. Akajiondoa. O'Reilly aliendelea na kipindi chake mpaka mwaka 2017, na alipoondoka sababu ilikuwa nyingine kabisa. Limbaugh alibaki hewani mpaka maradhi yalipomshinda, na mwaka 2020 alivishwa nishani ya heshima ya rais akiwa bungeni Washington. Walioongea hawakulipa. Aliyetunga rekebisho la busara ndiye aliyelipa. Ndiyo maana sioni haya kusema kwamba wachambuzi hawa wadhihakiwe, kwa majina na kwa maneno yao. Ndiyo gharama pekee inayoweza kuwafikia.

Kuna ndugu ataniuliza: haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Machi 2009, wakati hoja hizi zimeanza kuchoka hapa, mhubiri Mmarekani, Scott Lively, alikuwa Kampala akihutubia mkutano wa siku kadhaa juu ya hatari ya mashoga kwa familia. Miezi kadhaa baadaye mswada ukafikishwa bungeni Uganda wenye adhabu ya kifo ndani yake. Hoja iliyokuwa inachekwa Boston ilipokelewa Kampala kama elimu. Na leo vipande vya video vya wachambuzi hawa, wengine walishabadili msimamo, wengine walishafariki, vinazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp vikiwa na tafsiri ya Kiswahili, bila tarehe. Mnatumiwa na shangazi Kisumu, mnatumiwa na binamu Bukavu. Mtu anakionyesha kama habari ya jana.

Mambo hayajaisha. Mahakama ya Juu iliruhusu ndoa hizi nchi nzima tarehe 26 Juni 2015, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Desemba 2022 bunge la taifa likazilinda kwa sheria, na maseneta 12 wa Republican waliunga mkono. Ilani ya chama ya mwaka 2016 ililaani uamuzi wa mahakama, ila ile ya 2024 iliiacha kando kauli ya mume mmoja na mke mmoja. Hata hivyo, kura za maoni za Gallup zilizoonyesha Republican asilimia 55 wakiunga mkono mwaka 2021 zilionyesha asilimia 41 mwaka 2025. Wako wachambuzi wapya, wengi hawana redio, wana podikasti na simu, na wamegundua kwamba ile hofu ya 2004 bado inalipa.

Kwa hiyo nawaeleza mnapoweza kukutana na jambo hili uso kwa uso. Katika jimbo hili mwelekeo wa chama huanzia kwenye vikao vya mashina, Februari ya mwaka wa uchaguzi, kwenye darasa la shule au ukumbi wa mtaa. Mara nyingi hawazidi watu ishirini. Hapo ndipo wajumbe wanapochaguliwa, wajumbe kama wale aliowakuta FitzSimmons, na hapo ndipo mtu yeyote anaweza kusimama na karatasi yake akapendekeza azimio liingie kwenye ilani. Wengi wenu sasa mna uraia. Wapo humu wa Republican na wapo wa Democratic, na sina nia ya kumhamisha mtu. Nendeni kila mmoja kwenye shina lake. Akisimama mtu kusoma azimio kwamba familia za watu fulani ni hatari kwa taifa, nyoosha mkono umuulize kwa adabu maneno hayo aliyatoa wapi, aliyeyasema kwanza ni nani, na mwaka gani. Kisha muulize kama anamjua mtu yeyote shoga, halafu nyamaza, mpe nafasi ajibu.

Fomu za kujua shina lako liko wapi ziko pale mlangoni, kwa Kiswahili. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na mama aliyeketi pale nyuma.